Kabla Hujabishana: Jinsi ya Kupima Timu Mbili za Hoki ya Barafu

Habari zenu, karibuni tena. Leo niko Kondele hapa Kisumu, feni inazunguka, jasho linatoka, na tunaongea mambo ya barafu. Usicheke, omera. Kenya ni mwanachama wa IIHF, shirikisho la dunia la mchezo huu, tangu 2024, na kule Nairobi vijana wa Ice Lions wanacheza. Kwa hivyo na sisi tuna haki ya kubishana.

Chukua daftari na kalamu. Piga mstari katikati ya ukurasa: kushoto andika Kanada, kulia Marekani. Hawa ni watani wa jadi, mambo ya Gor na Ingwe kabisa. Mfano wetu ni fainali ya 4 Nations Face-Off, mashindano ya timu nne za taifa, ya Februari 2025. Matokeo yake yanajulikana, kwa hivyo tutaona hesabu zetu zinatupeleka wapi.

Hatua ya kwanza, golikipa. Najua mkono unakimbilia washambuliaji, Connor McDavid wa Kanada huku, Auston Matthews wa Marekani kule. Hao watangoja. Kwenye soka kipa anaweza kumaliza mechi akiwa ameokoa mashuti matatu tu. Kwenye hoki anapigiwa ishirini na kitu, hata thelathini, na paki, kile kisahani cha mpira kinachochezewa badala ya mpira, inakuja kwa kasi kuliko gari kwenye barabara ya Busia.

Tafuta takwimu ya asilimia ya kuokoa: chukua mashuti aliyookoa, gawanya kwa mashuti yote yaliyolenga goli. Tazama kwenye skrini nikipiga hesabu. Kipa wa kwanza yuko asilimia 92, wa pili 89. Unaweza kusema tofauti ni ndogo. Sasa wape wote wawili mashuti 30. Wa kwanza atafungwa mabao 2.4 kwa wastani, wa pili 3.3. Hilo ni karibu bao zima kila mechi! Na mechi kubwa za Kanada na Marekani hupenda kuamuliwa na bao moja: fainali ya Olimpiki ya Vancouver 2010, 3-2, nusu fainali ya Olimpiki ya Sochi 2014, 1-0, na hii ya Boston 2025, 3-2 tena. Angalizo: kipa aliyecheza mechi tano tu, asilimia yake usiitegemee. Chukua ya msimu mzima.

Andika sasa. Marekani walikuwa na Connor Hellebuyck, kipa bora wa NHL, ligi kuu ya klabu za Marekani na Kanada, msimu wa 2023/24. Kanada walikuwa na Jordan Binnington, ambaye takwimu zake zilikuwa chini. Kwa safu hii, Marekani wako mbele. Lakini pembeni acha nafasi ya kuandika mechi za kufa na kupona alizowahi kucheza kila kipa. Mwaka 2019 Binnington alishinda mchezo wa saba, ule wa kuamua, wa fainali ya Stanley Cup, kombe la NHL, pale pale Boston, ukumbi ule ule. Kwenye fainali yetu, muda wa nyongeza ulipofika, aliokoa vitu vya ajabu, kisha McDavid akamaliza kazi kwa bao la ushindi la Kanada. Mimi hiyo nafasi ya pembeni siiachi wazi tena.

Hatua ya pili, kalenda. Mashindano ya ubingwa wa dunia ya IIHF huchezwa kila mwaka mwezi Mei, wakati NHL iko kwenye mtoano. Nyota ambaye klabu yake bado inaendelea hatakuwepo. Na Olimpiki ya Beijing 2022 wachezaji wa NHL hawakwenda kabisa. Finland wakabeba dhahabu. Kwa hivyo soma majina ya kikosi kwenye tovuti ya IIHF. Jina la nchi peke yake halikwambii kitu.

Hatua ya tatu ni fupi. Mchezaji akifanya kosa la kawaida anakaa nje dakika mbili, wenzake wanabaki wanne dhidi ya watano, bila kuhesabu makipa. Angalia kila timu inafunga mara ngapi ikipata nafasi hiyo, na inafungwa mara ngapi ikipungukiwa.

Hatua ya nne, mechi yao ya mwisho kabla ya hii, na hapa ndipo watu wengi wa vibandani wanapotea. Februari 15 Marekani walishinda 3-1 kule Montreal. Ukiishia hapo, utaweka Marekani. Sasa uliza nani hakucheza: beki wa Kanada, Cale Makar, alikuwa mgonjwa. Siku tano baadaye, kwenye fainali, Makar alirudi, na Marekani wakamkosa beki wao Charlie McAvoy. Jezi ni zile zile, lakini mabeki wamebadilika. Kwa hivyo kando ya kila matokeo andika majina ya waliokosa.

Jumlisha safu zako, andika utabiri na uweke tarehe, halafu funga daftari. Lifungue mara moja tu, siku ya mechi, kocha akishataja kipa anayeanza. Akimweka wa akiba, futa hatua ya kwanza yote na upige hesabu upya. Na weka kengele mapema: mechi ya saa mbili usiku Boston mwezi wa Februari huku kwetu ni saa kumi alfajiri.