Kuku wa Noeli, Mayai ya Pasaka: Sikukuu na Deni la Mkulima wa Uingereza

Wazee wangu, ndugu zangu, habari za jioni. Nimeombwa nizungumze juu ya sikukuu za Ulaya ya zama za kati, nami nimeona nikiileta Ulaya nzima tutakesha hapa. Nitabaki Uingereza, miaka ya 1200 na 1300, tena kijijini, kwa mkulima anayekaa juu ya ardhi ya kabaila. Wafalme na tausi wao waliochomwa na kuvishwa manyoya upya mtawasoma wenyewe.

Huyu mkulima hakuwa mtumwa wa kuuzwa sokoni, lakini huru pia hakuwa. Kuhama kwa ruhusa. Kuoza binti kwa kulipia. Na kila juma ana siku zake za kulima shamba la kabaila kabla hajagusa ngwe yake. Saa hana, kalenda ya ukutani hana. Ukimwuliza deni lake linalipwa lini, hakutajii tarehe, anakutajia mtakatifu: kwa Mikaeli, kwa Martino, kwa Yohane. Waliokulia pwani wakasikia wazee wakihesabu miongo, yaani makumi ya siku, tangu Nairuzi, mwaka mpya wa pwani, hawatashangaa. Siku hujulikana kwa kazi yake.

Mwaka wa shamba ulifungwa 29 Septemba, sikukuu ya Malaika Mkuu Mikaeli. Mavuno yako ghalani, na nyapara anasimama mbele ya karani kutoa hesabu: ngano imepatikana kiasi gani, kondoo wamekufa wangapi, nani hakufika kazini. Nyapara mwenyewe ni mkulima mwenzao, amechaguliwa kutoka miongoni mwao, na cheo hicho wapo waliolipa pesa ili wasipewe. Naona wengine mnacheka. Bila shaka mmewahi kuwa waweka hazina wa vikundi.

Kisha 11 Novemba, Mtakatifu Martino. Baridi inaingia, majani ya kulishia hayatoshi mifugo yote, na wale wasiotarajiwa kufika masika wanachinjwa na kutiwa chumvi. Jambo hilo ni la kale kuliko Martino mwenyewe kufika kisiwani. Mtawa Beda, aliyeandika juu ya hesabu za nyakati mwaka 725, anasema mababu zake kabla ya Ukristo waliuita Novemba mwezi wa damu, kwa sababu ya wanyama waliowachinjia miungu yao. Miungu iliondoka, kisu kikabaki.

Halafu Noeli, siku 12 ambazo desturi ilimwondolea mkulima kazi za kabaila. Lakini mikono mitupu haendi: anapeleka kuku, kama Pasaka atakavyopeleka mayai. Kuku huyo si zawadi. Ameandikwa.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu na kabaila naye ameandikwa. Kuna kumbukumbu ya mwaka 1314 kutoka North Curry, huko Somerset, kijiji kilichokuwa chini ya kanisa kuu la Wells. Inaeleza mpangaji mmoja anastahili kula nini siku ya Noeli. Mikate miwili myeupe. Nyama ya ng'ombe, na nyama ya nguruwe kwa haradali. Mchuzi wa kuku. Jibini. Kuni za kupikia. Pombe ya shayiri, kiasi atakachoweza kunywa. Ila aje na kitambaa chake cha kutandika, kikombe chake na chano chake cha mti, na chochote kitakachobaki juu ya kitambaa akichukue nyumbani.

Mtazameni mtu huyo njiani asubuhi, chano kwapani, kitambaa begani, matope ya Desemba yamemfika kwenye vifundo. Mkate mweupe hauli siku nyingine. Nyumbani kwake ni mkate mweusi wa shayiri au wa rai, nafaka ya nchi za baridi, na uji wa kunde. Nina hakika hata kile kitambaa kilichaguliwa kwa upana wake.

Wapo wanaoyasoma maneno hayo wakasifu ukarimu wa makabaila. Mimi ukarimu siuoni. Mtu akikukirimu hakuandikii idadi ya mikate. Ile ilikuwa haki ya mtu aliyelima siku zote zile bila ujira, na aliijua haki yake mpaka kwenye haradali.

Kwaresima nitaipitia upesi: siku 40 bila nyama, mayai wala maziwa, samaki wa chumvi na ng'onda kwa wenye uwezo, kunde kwa wengine. Kanisa liliamuru mfungo wakati ambao pipa la nyama ya Martino lilikuwa linaelekea kuisha lenyewe. Sisemi kwamba ndiyo sababu. Nasema tu kwamba tumbo halikupata taabu kulielewa agizo hilo.

Kiangazi kilikuwa na michezo yake, na michezo hiyo nayo ilikuwa hesabu. Kazi ya kukata majani ya mifugo ikimalizika, mahali pengine kabaila alimwachia kondoo mmoja mbugani katikati ya wakataji. Wakimkamata, ni wao. Akiwaponyoka, wamekosa. Kwingineko kila mkataji aliruhusiwa kubeba majani kiasi atakachoweza kuyainua kwa mpini wa mundu wake mrefu. Ukiingiwa na tamaa mpini ukavunjika, majani yamepotea na faini unalipa. Sijui mtu aliyebuni mshahara wa namna hiyo, lakini aliwajua watu.

Hata mapumziko yaligawanywa. Siku za watakatifu zisizo na kazi zilikuwa 40 na zaidi kwa mwaka, ukiacha Jumapili. Sasa sikukuu ikiangukia siku ya zamu kwa kabaila, hasara ya nani? Katika baadhi ya mashamba walikubaliana kwamba zikianguka sikukuu mbili katika juma moja, moja ya kabaila, moja ya mkulima. Mwaka 1536, chini ya mfalme Henry VIII, nyingi za msimu wa mavuno zilifutwa, kwa hoja kwamba zinalea uvivu na mazao yanaharibika shambani.

Ipo sikukuu moja nimeiacha kwa makusudi. Papa Urban IV aliianzisha mwaka 1264: Mwili wa Kristo, inayoangukia Alhamisi mwishoni mwa Mei au Juni. Mijini ilikuwa siku ya maandamano na maigizo. Kule York vyama vya mafundi viliyaanza saa kumi na nusu alfajiri, juu ya magari ya kukokotwa: waunda merikebu walitengeneza safina ya Nuhu, waokaji mikate waliigiza Karamu ya Mwisho.

Mwaka 1381 siku hiyo iliangukia 13 Juni. Kodi ya kichwa ilikuwa imetozwa mara ya tatu katika muda wa miaka minne, na watu wa Kent na Essex, majimbo ya jirani na London, walikuwa wamekwisha kuasi. Majuma yale ya sikukuu barabara zilizoea kuwa na watu, na waliotembea safari hii hawakubeba chano. Siku ya sikukuu yenyewe waliingia London wakalichoma jumba la Savoy, la mjomba... samahani, la baba mdogo wa mfalme, John of Gaunt. Kesho yake, pale Mile End, mfalme Richard II, kijana wa miaka 14, aliwaahidi kwamba hakuna tena mtu asiye huru. Ahadi aliifuta kabla ya Julai kufika katikati.

Vijijini walitafuta kitu kingine. Waliyatoa magombo ya ngozi ya mahakama za makabaila wakayatia moto: kuku wa Noeli, mayai ya Pasaka, siku za zamu, faini za mipini iliyovunjika. Yaliyokuwa ndani yaliungua yote pamoja, na haki za karamu zikiwamo. Tunajua mtu wa North Curry alikula nini kwa kuwa gombo lake halikufikiwa na moto.