Sindano, beseni na mjusi wa jangwani

ZUHURA: Karibuni tena. Sauti yangu leo inakwaruza, mnivumilie. Koo halijapoa.

BARAKA: Na mliouliza mbona wiki iliyopita kimya, jibu ndilo hilo. Dada alikuwa kitandani.

ZUHURA: Kitandani na beseni. Mnaotufuata mnajua nachoma semaglutide, dawa ya kupunguza uzito, ile inayouzwa kwa jina la Wegovy, kila Jumapili. Nilianza na miligramu 0.25 kwa wiki nne, nikaenda 0.5 wiki nne nyingine, na Jumapili ile nikapanda hadi 1. Jumatatu nikaamka mzima kabisa. Saa saba mchana nikala sahani yangu ya kawaida, vitu vya kukaanga, nikaimaliza. Usiku sikutia kitu mdomoni. Saa tisa usiku naamka, mate yamejaa kinywani.

BARAKA: Mate yakijaa hivyo, ujue hodi imeshapigwa.

ZUHURA: Nikawahi beseni. Baraka, kilichotoka kilikuwa chakula cha mchana. Saa kumi na nne zimepita, nacho kiko vilevile nilivyokimeza! Daktari alishaniambia tumbo litachelewa kushusha chakula, nikaitikia tu. Usiku ule ndipo nilipomwelewa.

BARAKA: Ulinitisha, nikashinda wiki nzima nikisoma. Nimeandika mambo matano, karatasi hii hapa. La kwanza: dawa hii inaiga homoni inayoitwa GLP-1, ambayo utumbo wetu wenyewe huitoa tukila. Ile ya mwilini huvunjika kwa dakika mbili hivi. Ya sindano imetengenezwa isivunjike upesi: wiki moja baadaye, karibu nusu yake bado imo mwilini. Inapunguza kasi ya tumbo, na inagusa ubongo pia, hadi sehemu zinazoleta kichefuchefu.

ZUHURA: Maana yake ukishachoma, umechoma.

BARAKA: Umechoma. Lakini kabla sijafika la pili, nikwambie safari yote hii ilipopitia. Kwa mjusi.

ZUHURA: Mjusi gani tena?

BARAKA: Gila. Anaishi majangwa ya kusini-magharibi mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko. Mnene, mweusi mwenye mabaka ya rangi ya chungwa, na mdomoni ana sumu. Daktari mmoja wa New York, John Eng, aliichunguza sumu hiyo, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 akakuta ndani yake kitu kinachofanana na GLP-1 yetu, ila hakivunjiki upesi. Kikatoa dawa ya kisukari iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005.

ZUHURA: Subiri. Mimi nachoma sumu ya mjusi?

BARAKA: Hapana, dada. Semaglutide imejengwa kwa kufuata homoni ya binadamu. Mjusi alionyesha tu kwamba inawezekana.

ZUHURA: Na huyo mjusi anakula mara ngapi?

BARAKA: Nilijua utauliza! Milo michache tu kwa mwaka mzima. Mafuta anayaweka mkiani.

ZUHURA: (anacheka) Kwa mwaka! Jumanne yote sikutaka hata harufu ya jikoni. Nilishakuwa Gila.

BARAKA: Bado. Gila akila, anakula kwa mkupuo, mlo mmoja mkubwa mno. Huyo ndiye wewe wa Jumatatu mchana.

ZUHURA: Eh. Hapo umenipata.

BARAKA: Tumbo lako la sasa linataka kinyume cha mjusi. Kidogo, kidogo tena, halafu usimame.

ZUHURA: Na kusimama ndiyo kazi. Nimelelewa kumaliza sahani. Sasa najipakulia nusu ya nilichozoea, na shibe ikibisha tu naweka kijiko chini, hata pakibaki tonge mbili. Tonge hizo mbili ndizo zilizonitapisha, nina hakika nazo. Mafuta nimepunguza sana, maana hukaa tumboni kuliko vyote. Na silali nikiwa nimetoka kula.

BARAKA: Mkiani huna pa kuweka.

ZUHURA: Sina mkia, mdogo wangu! Basi. Usiku ule nilitapika mara sita. Kosa langu kubwa lilikuwa maji. Kila nikitapika nakunywa bilauri nzima, nayo inarudi. Asubuhi mkojo ulikuwa wa rangi ya chai, nikisimama kichwa kinazunguka. Nikampigia daktari. Swali lake la kwanza: je, tumbo linauma sana, na maumivu yanakwenda mgongoni? Nikasema hapana. Akaniambia niache bilauri nishike kijiko. Kijiko kimoja cha maji ya ORS, nisubiri dakika chache, kingine. Nilikaa hivyo hadi adhuhuri. Ni kazi ya subira, lakini yalikaa.

BARAKA: Na meno?

ZUHURA: Nilitaka kupiga mswaki kila mara. Akanikataza nisiwahi, kwa kuwa asidi ya tumbo imelainisha meno. Suuza kwa maji, mswaki uje baada ya nusu saa.

BARAKA: Sasa dada, jambo tulilobishana kwenye simu. Daktari alikupa njia mbili.

ZUHURA: Nirudi 0.5 kwa wiki nne nyingine, au nibaki 1 nikiwa nimebadilisha ulaji. Nimechagua kubaki.

BARAKA: Na mimi naona umekosea. Nalisema hapa kwa sababu nililisema kwako kwanza.

ZUHURA: Sema.

BARAKA: Kwenye 0.5 ulikuwa na kichefuchefu kila Jumatatu, ukapanda hivyohivyo kwa sababu kalenda imesema. Kupanda ngazi polepole kumewekwa ili mwili uzoee. Mwili haujazoea, unakimbilia wapi? Utafiti mkubwa wa mwaka 2021, watu 1,961: kati ya waliopewa dawa wakilenga dozi kamili ya 2.4, karibu robo walitapika. Kwenye sindano isiyo na dawa, chini ya saba katika mia. Hili si jambo dogo la kufumba macho.

ZUHURA: Utafiti huohuo, waliositisha dawa kwa ajili ya tumbo hawakufika watano katika mia. Wengi walitapika, ikapita, wakaendelea. Hilo mbona hulisomi?

BARAKA: Nalisoma. Lakini kuvumilia siyo kupona.

ZUHURA: Baraka, nimepanda ngazi za ghorofa nne wiki hii sijasimama katikati. Unajua mara ya mwisho nilifanya hivyo lini? Magoti haya ni yangu. Usiku mmoja wa beseni nauweka kwenye mizani na miaka kumi ya magoti, na naona upande ulipolalia.

BARAKA: Sijasema uache. Nimesema wiki nne. Wiki nne ni nini katika miaka kumi?

ZUHURA: Kwako wiki nne. Mimi nimeshuka na kurudi maisha yangu yote, kila mlo maalumu, kila mazoezi. Nikishuka hatua, najua kichwani kwangu kinachofuata.

BARAKA: Hiyo ni hofu, dada, siyo dawa.

ZUHURA: Na ya kwako siyo hofu?

BARAKA: (kimya) Ni hofu. Ulinipigia saa kumi na moja alfajiri, sauti sikuitambua. Siisahau.

ZUHURA: Najua.

BARAKA: Bado nasema ungeshuka.

ZUHURA: Na mimi bado sishuki. Tusonge. Karatasi yako imefika la ngapi?

BARAKA: La kwanza na kipande cha la pili. Mjusi amekula kipindi.

ZUHURA: Mlo wake wa mwaka huo! Tuna dakika ngapi?

BARAKA: Mbili. Matatu yaliyobaki hayaingii.

ZUHURA: Yaache, ila la hatari siliachi. Wapendwa, maji yasipokaa tumboni kabisa, mkojo ukikauka, ukitapika damu, au tumbo likiuma kwa nguvu bila kuacha na kwenda mgongoni, usisubiri asubuhi wala sindano inayofuata. Nenda hospitali. Huenda ni kuvimba kwa kongosho, na kukaukiwa maji kunaweza kuumiza figo. Na mkipangiwa upasuaji, mwambieni mtoa usingizi kwamba mnachoma, maana tumbo linaweza kuwa na chakula hata mkifunga.

BARAKA: Na wenye tirzepatide, sindano nyingine ya jamii hii, wanaomeza vidonge vya uzazi wa mpango, muulizeni daktari kuhusu kinga ya ziada, maana...

ZUHURA: Muda, Baraka.

BARAKA: Haya. Jumapili unachoma?

ZUHURA: Nachoma.

BARAKA: Moja ileile?

ZUHURA: Ileile.

BARAKA: Basi simu yangu usiku wa Jumatatu haizimwi.