Kazi za Nyumbani Zifuate Jua

Wakubwa shikamooni. Vijana, habari za mchana. Asanteni mliotoka Igoma, Buhongwa na hata Ukerewe kuja kusikiliza habari ya sola na nyumba janja.

Nianze na saa. Ukimwomba fundi akupangie taima ya pampu, huenda akahesabu kwamba jua liko utosini saa sita kamili. Mwanza sivyo. Saa ya Tanzania inafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, nasi tuko karibu na nyuzi 33, kwa hiyo jua letu hufika juu kabisa mnamo saa saba kasorobo. Kazi nzito zipangieni kati ya saa nne na nusu na saa tisa.

Kwa nini nasisitiza? Umeme unaotumika jua likiwaka haupiti kwenye betri, na betri ndiyo inayochakaa mapema kuliko paneli. Chukueni betri ya asidi ya volti 12, Ah 100 (Ah ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri). Kwa hesabu ina uniti 1.2, lakini ukitaka idumu usivuke nusu: 0.6. Pampu ya hosi pawa moja ikizunguka saa moja tu inakula kama uniti 0.75. Maana yake ukipandisha maji usiku, umeimaliza nusu hiyo ya betri na kuipitiliza, na taa bado hujawasha! Tanki likijaa mchana, usiku maji yanashuka yenyewe. Kwa hiyo nasema bila kusita: kabla ya betri ya pili, nunueni tanki kubwa.

Friza nalo ni hivyo hivyo. Mchana liongezeeni ubaridi, nafasi iliyobaki kati ya sato na sangara mjaze chupa za maji zigande. Usiku msilifungue ovyo. Ile barafu itasaidia kushikilia ubaridi.

Sasa hizi soketi janja, yaani soketi zinazoongozwa kwa simu na kupima umeme unaotumika. Faida yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kupima, wala si kuzima taa kwa simu. Birika la wati 2,000 likichemsha dakika tatu limekula sawa na taa ya LED ya wati 9 iliyowaka kwa muda wa saa kumi na moja. Mwenye nyumba akiliona hilo kwenye simu yake, hagombani tena na watoto kwa ajili ya taa ya koridoni. Ila ratiba yenyewe iwekeni ndani ya inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa sola uwe wa kutumia vyombo vya nyumbani) au kwenye taima, ili intaneti ikikatika pampu isisimame.

Na paneli zetu zina adui wa hapa hapa: wadudu wa ziwani, wanaokuja kama moshi na kuganda kwenye kioo. Ziinamisheni nyuzi kama 10 kuelekea kaskazini, mvua iweze kuzisafisha. Kiangazi osheni wenyewe, alfajiri kioo kikiwa baridi, kwa maji na kitambaa laini, bila sabuni ya unga.

Karibuni maswali. Tuanze na mama zangu wa soko la samaki la Mwaloni, wenye mafriza.