Hili Pengo Limetoka Wapi? Mhadhara Kuhusu NULL

Karibuni. Ukutani hapo nimeweka majibu ya swali moja la SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata: wanafunzi wanne na alama zao. Watatu wamepata 80, 60 na 40. Wa nne, mahali pa alama ni patupu. Haya niambieni, huyu kapata ngapi?

Nasikia "sifuri". Nasikia "hakufanya mtihani". Na kule nyuma kuna anayesema karani alisahau kuandika. Hifadhidata haijasema hata moja kati ya hayo. Iliyoko pale ni NULL, na NULL si thamani. Ni ishara tu kwamba thamani haipo, sababu haielezi. Edgar Codd, aliyebuni modeli ya uhusiano, yaani kupanga data kwa majedwali, mwaka 1970, baadaye alitaka ishara mbili, moja ya kisichojulikana na nyingine ya kisichohusika. SQL imebaki na moja, nasi ndio tunaobaki kukisia.

Tutafute wastani. AVG itatupa 60, kwa kuwa imegawanya kwa tatu. Yule wa nne imemruka kimyakimya. Mngemwandikia sifuri, wastani ungeshuka hadi 45. Vivyo hivyo COUNT(*) itahesabu mistari minne, lakini COUNT(alama) itasema tatu. Zote mbili ni sahihi. Kosa ni kuitumia moja ukidhani ni nyingine.

Sasa linalowakosesha watu usingizi. WHERE ndiyo sehemu ya swali inayochuja mistari. Ukiandika WHERE alama = NULL hupati mstari hata mmoja. Kulinganisha kitu na kisichojulikana hakuleti kweli wala uongo, huleta jibu la tatu: haijulikani. Na WHERE ni bawabu mkali, hupitisha kweli peke yake. Hata NULL = NULL haipiti. Ndiyo maana tunaandika IS NULL. (Msiniulize kwa nini GROUP BY, inayopanga mistari kwa makundi, huziweka NULL zote kundi moja kana kwamba zinalingana. Ndivyo kiwango cha SQL kilivyoamua.)

Mtego mbaya kuliko yote, kwa maoni yangu, ni NOT IN, yaani "isiyomo kwenye orodha hii". Chukueni jedwali la wafanyakazi, kila mmoja na namba ya msimamizi wake. Mnataka wasiomsimamia mtu yeyote, mnaandika:

SELECT jina FROM wafanyakazi
WHERE namba NOT IN (SELECT msimamizi FROM wafanyakazi);

Jibu: hakuna mtu. Mkurugenzi hana msimamizi, kwa hiyo orodha ya ndani ina NULL moja. Kwa kila mfanyakazi, hifadhidata inajiuliza: je, namba hii ni tofauti na zote? Ikifika kwenye NULL haiwezi kuapa, na jibu zima linageuka "haijulikani". Mstari mmoja umefuta majibu yote, na hakuna ujumbe wa kosa unaotokea. Mimi siku hizi naandika NOT EXISTS, inayouliza tu kama hakuna mstari unaolingana, basi.

Skrini nazo zina hila zake. Kila mfumo wa hifadhidata, uwe PostgreSQL, Oracle au MySQL, una tabia zake. Programu ya psql, ile ya PostgreSQL, huonyesha NULL kama nafasi tupu, sawasawa na maandishi yasiyo na herufi, hadi uiamrishe \pset null 'NULL'. Oracle ndiyo haitofautishi kabisa: maandishi matupu kwake ndiyo NULL. Mkipanga kwa ORDER BY kutoka ndogo kwenda kubwa, PostgreSQL itaziweka NULL mwisho, MySQL itaziweka mwanzo.

Naona mkono. Ndiyo, dada? ... Anauliza: tukiziwekea safuwima zote NOT NULL, yaani sharti la kukataa NULL, si tutakuwa tumeimaliza shida?

Hapana, dada yangu. NOT NULL inalinda kilichohifadhiwa, na NULL nyingine hazikuhifadhiwa popote, zinazaliwa ndani ya swali lenyewe. Unganisha wanafunzi na mikopo ya vitabu kwa LEFT JOIN, inayobakiza kila mwanafunzi hata asiye na mkopo: ambaye hajaazima kitabu atatokea na NULL kwenye kila safuwima ya mikopo, hata ile uliyoifungia NOT NULL. SUM ya mistari isiyokuwepo ni NULL, si sifuri. CASE, inayochagua jibu kwa masharti, ikikosa ELSE na hakuna sharti lililotimia, vilevile. Kwa hiyo ukikuta pengo, kabla ya kulifunika kwa COALESCE, inayoweka thamani nyingine mahali pa NULL, angalia kwanza jedwali lenyewe. Ukikuta pale thamani ipo, au mstari wenyewe haupo, basi pengo limetengenezwa na swali lako.