Mfunze mtoto sauti za herufi na vifuniko vya chupa na trei ya mayai

Sasa wazazi, habari zenu, na walimu wa PP1 na PP2, yale madarasa mawili ya chekechea, wenye mnatazama pia karibuni sana. Leo tunatengeneza michezo ya kufananisha herufi na sauti yake, na usishtuke, hakuna kitu unaenda kununua tao, karibu kila kitu kiko hapo kwa nyumba na kingine utamuomba mama mboga. Niko na msaidizi wangu hapa, ako na miaka minne, ndio ameanza PP1 juzi juzi, na ananiita anti kwa hivyo mkisikia anti anti anti msishangae. Na hizo honi mnisamehe, hapa ni karibu na steji.

Kabla tushike makasi kuna kitu moja lazima tukubaliane, juu ukiikosea hii mchezo wote hausaidii. Sauti ya herufi si jina la herufi. Mtoto wa Nairobi mara nyingi ashaimba ABC ya Kizungu hata kabla ya kuvaa yunifomu, kwa hivyo ukimwonyesha i anakwambia "ai", ukimwonyesha e anakwambia "ii", na kwa Kizungu hajakosea. Alafu akianza kuandika Kiswahili anaandika "meme" na alitaka kuandika mimi, mzazi anaanza kuuliza huyu mtoto ana shida gani, kumbe hana shida yoyote, ametumia jina la herufi venye alifunzwa. Basi hapa majina tunaweka kando kwanza. Hii ni mmmm, mdomo umefungwa. Si "em", na si "ma". Hii ni ssss. Hii ni k, fupi, inakatika, usiivute ikawa "kaa" ama "kuu". Ukiibandikia konsonanti kama m ama k irabu nyuma yake, yaani a, e, i, o ama u, siku ya kuunganisha atakuwa anasema "mu-a, mu-a" na hataisikia mama hapo ndani hata mkae mpaka jioni.

Haya, vitu. Trei ya mayai, ile ya karatasi yenye mashimo 30. Vifuniko vya plastiki vya chupa za maji, kumi vinatosha kuanza, usichukue vile vya bati vya soda juu vina makali pembeni. Maka peni. Boksi moja kutoka dukani, makasi, na pegi za kuanikia nguo. Vifuniko osha na sabuni ukaushe. Na kama kuna mdogo wake kwa nyumba, yule bado anaweka kila kitu mdomoni, tumia vifuniko vikubwa vya mikebe na usiwaache na hizi vitu peke yao hata dakika moja, kifuniko kidogo kinaweza kumkaba.

Sasa herufi gani? Usianze a, b, c, d. Najua kila chati kwa ukuta imepangwa hivyo lakini hiyo ni mpangilio wa kutafuta maneno kwa kamusi, si wa kujifunza kusoma. Na c yenyewe kwa Kiswahili haisimami peke yake, inangoja h ndio tupate ch, kwa hivyo utamfunza c ya kazi gani wiki ya kwanza? Sisi tunaanza na tano: a, i, m, k, s. Sauti ya m na ya s zinavutika, mtoto anapata muda wa kuisikia, a na i ni irabu rahisi kwa mdomo, k ni ile fupi ya kuzoea. Na hakuna mbili hapo zinafanana kwa macho. Mtaona baadaye hizi tano zinafanya nini, hiyo ndio napenda zaidi.

Andika kila herufi kwa vifuniko viwili, ndio vinakuwa kumi. Andika herufi ndogo, si kubwa, juu kitabu akifungua karibu kila kitu kiko kwa herufi ndogo. Alafu hapa ebu sogea karibu na skrini. Kifuniko ni duara, si ndio? Hakina juu wala chini. Hii nimeandika m, naizungusha hivi... sasa ni w. Ukifika u ukizungusha inakuwa n. Mtoto anakwambia ni n na wewe unamwambia amekosea na kwa kweli hajakosea, ameshika kifuniko vingine tu. Kwa hivyo chini ya kila herufi chora kamstari, hivi, na umwambie mstari unakaa upande wa tumbo lako. Hii usiruke.

Mchezo wa kwanza ni wa macho, huu hauchukui muda. Ndani ya mashimo ya trei andika herufi zile zile tano, zirudie mpaka mashimo kumi, mengine wacha. Mpe vifuniko, atafute mwenzake, aingize. Kila akiingiza anatoa sauti. Ona... "Anti hii ni ssss." Ni ssss, weka. "Na hii ni ssss pia." Umeona? Huyu hajui jina la hiyo herufi na hatujali. Akishaweza bila kusaidiwa toka hapo, usimkalishe kwa trei wiki mzima, kufananisha umbo na umbo si kusoma bado.

Mchezo wa pili ndio kazi yenyewe, sasa ni sikio. Tandika leso chini, weka vifuniko vitatu, m, k, na s, mbali mbali. Chukua karai na uzunguke nayo kwa nyumba mkiwa na yeye, mkusanye vitu. Sisi tumepata sabuni, soksi moja, sahani, kikombe, kijiko, kitunguu, maembe, na makasi ya plastiki ya shule. Anachukua kitu kimoja, anakitaja, unarudia ukivuta mwanzo wake, "ssssabuni", anaipeleka kwa kifuniko chake. Ni hivyo tu. Lakini sikiliza anaitaje. Watoto wetu wanachanganya lugha, huyu kijiko akakiita spuni na akakipeleka kwa s. Mimi nimemwambia vizuri sana, juu ni kweli, amesikia alichosema mwenyewe. Hapo hatufunzi msamiati, tunafunza sikio. Alafu nikamuuliza na shosho yako anakiitaje? "Kijiko." Haya, kijiko kinaenda wapi? Kikahama. Chenye utaepuka ni vitu kama sukari, mtoto mwenye amezoea kuiita kwa Kizungu anasikia sh na pakiti imeandikwa s, utajipata unaeleza mambo mengi bure.

Akikosea usiseme hapana, hapana, wapi, fikiria. Hiyo fikiria ya wazazi wetu tunaijua. Chukua ile sahani amepeleka kwa m, itaje na hiyo sauti ya m, "mmmahani?" Ona anacheka. Ameichukua mwenyewe ameirudisha kwa s, mimi sijasema kitu.

Irabu sasa zina tabia yake. Vitu vya nyumbani vinavyoanza na a ama i si vingi, utapata asali, utapata iliki kama unapika chai ya kweli, na hapo umekwama. Usiniambie avokado, Nairobi hiyo ni ovakado, itaenda kwa o. Kwa hivyo irabu tunazisikiliza mwisho wa neno. Kiswahili kinatusaidia hapo, karibu kila neno linaishia kwa irabu, hata yale tumekopa tunayaongezea, ndio maana soksi ina i huko nyuma. Weka kifuniko cha a hapa, cha i pale, rudi kwa karai: sabuniiii, soksiiii, sahaniiii, hizo zote i. Sufuriaaaa, taaaa, leso yenyewe hapana, hiyo ni o, iwache siku ya o.

Mchezo wa pegi napita haraka. Kata duara kwa boksi, chora picha pembeni kama pande za keki, samaki, kuku, maji, andika herufi kwa pegi, mtoto anabana pegi kwa picha yake. Hujui kuchora? Kata picha kwa pakiti za vyakula. Faida yake kubwa ni vidole, kufinya pegi kunakaza zile misuli atatumia kushika penseli.

Sasa zile tano. Akishajua sauti zote, na si lazima iwe wiki hii ama ijayo, leta m na a. Weka mbali, gusa m, mmmm, ukiisukuma polepole kuelekea a bila kukata sauti, mmmmaaa. Zikigongana, ma. Mwache asukume yeye. Hiyo ni silabi na ameitengeneza kwa mkono. Weka ma mbili, ni mama. Badilisha a na i zote, ni mimi. Kaka, sisi, kaa, saa, simama, zote ziko kwa hivyo vifuniko kumi. Alafu fanya hii, mpangie m-a-k-a-s-i, mwache asome, makasi, ayashike yale ya plastiki pale kwa leso. Chukua vifuniko vile vile sita, usiongeze wala kupunguza, panga s-a-m-a-k-i. "Anti! Samaki!" Eeh. Samaki.

Dakika kumi kwa siku zinatosha, akianza kurusha vifuniko mmemaliza. Kila siku anza na zile anajua kabla ya kuongeza mpya. Seti inayofuata ni u, t, o, l, e, alafu n, b, na zingine. Usimpe b na d wiki moja, wala m na n, mpaka ya kwanza ikae. Zile za pamoja kama sh, ny, na ng' ya ng'ombe, andika herufi zake zote kwa kifuniko kimoja juu ni sauti moja, ukizitenga ataanza kusoma s alafu h. Na r na l, tusifichane, nyumba nyingi hapa Nairobi zinazichanganya, na mtoto anasema venye anasikia kwenu. Usimcheke. Weka rula na limau kwa leso, kaeni mkitazamana aone ulimi wako, kwa l unabaki umegusa juu nyuma ya meno, kwa r unatetemeka, na hizo mbili zipe siku zaidi kuliko zingine zote.