Huu mji wa Uingereza bado unaitana kwa mbiu!!

Oya familia mambo zenu, leo siko London, nimedamka nikadaka treni pale Paddington kama lisaa hivi nikashuka Hungerford, kimji cha watu kama elfu 6 tu, halafu saa mbili asubuhi nasikia mbiu. Mbiu kabisa, ile ya la mgambo likilia! Jamaa yuko juu kwenye roshani ya Town Hall anapuliza, na kweli kuna jambo, maana leo ni Jumanne ya pili baada ya Pasaka, siku yao wanaiita Hocktide.

Sasa nisikilizeni. Hapa madiwani wapo, wamechaguliwa kwa kura kama kwetu, na juu yao kuna halmashauri ya West Berkshire inayoshughulika na takataka, barabara, shule. Sawa. Ila hili jengo la Town Hall sio la serikali bwana, na ule uwanja mkubwa wa malisho kule mwisho wa mji wanapochungia ng'ombe nao sio wa serikali, hata samaki wa mto Kennet wana wenyewe. Wenyewe ni wenye nyumba fulani fulani za zamani, nyingi ziko hapa hapa High Street. Ukiinunua nyumba, haki ya malisho na kuvua unaipata humo humo.

Hao wana baraza lao, na kiongozi anaitwa Konstebo, msiogope sio polisi. Wana walinzi wa mto, wana msimamizi wa malisho, wana hadi waonja bia, naapa, ni cheo kabisa (hiki hata mimi ningegombea). Leo wanaitwa majina, asiyekuja alipe penny moja la sivyo haki zake za mwaka mzima zinaota mbawa.

Wanasema haki ya kuvua walipewa na John of Gaunt, mtoto wa mfalme Edward wa Tatu, huko miaka ya 1300, na ushahidi wanaojivunia sio hati, ni pembe! Ile ya zamani yenyewe wameifungia benki, inayopulizwa ni ya mwaka 1634. Yaani hati miliki ya mto ni pembe, hebu ipeleke ofisi ya ardhi kwetu uone watakavyokucheka.

Na miji ya soko kama hii mbona imejaa Uingereza? Karne ya 13 kuna mwanasheria Bracton aliandika kwamba soko jipya lisiwe karibu na la zamani chini ya maili 6 na theluthi mbili, kama kilomita 10 na ushee. Hesabu yake ni theluthi ya siku unatembea kwenda, theluthi unauza, theluthi unarudi kabla giza halijaingia. Mtu wa gulio la Jumamosi kule kwetu anaielewa hiyo bila kufundishwa.

Ngoja ngoja, wanakuja! Wale wawili wenye fimbo ndefu za maua na chungwa juu ndio Tutti-men, wanapita nyumba kwa nyumba kuomba busu, akikubali anapewa chungwa. Huyu wa nyuma mwenye kofia ya manyoya ndio mbeba machungwa. Eeh... kanirushia moja! Haya nishikieni simu nilimenye kwanza.