Mstari Mmoja Uliozungushwa: Kuhusu Matoleo Mapya ya Yoyo na Suala la Kuiga

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, wachezaji wenzangu, mabibi na mabwana,

Hapa mezani nimeweka yoyo mbili za alumini, kazi ya watengenezaji wawili ambao sitawataja. Ya kwanza niliinunua miaka minne iliyopita. Ya pili niliipata mwaka jana, ikitangazwa kuwa na umbo jipya kabisa ambalo halijapata kuonekana. Nilipoishika tu, kiganja kiliniambia kwamba umbo hilo nalifahamu. Nilizifungua zote mbili, nikakandika udongo wa kuchezea wa watoto kwenye ukuta wa ndani wa nusu moja ya kila yoyo, nikaubandua, nikaukata kwa wembe, kisha nikalaza kipande kimoja juu ya kingine. Tangu kwenye beringi, yaani kijigurudumu cha katikati ambacho uzi huzungushiwa, hadi karibu robo tatu ya njia kuelekea ukingoni, mistari miwili ile ililaliana hata nisiweze kupitisha ukucha kati yake.

Kwa muda wa siku mbili hivi niliita jambo hilo wizi. Baadaye nilizigeuza nusu zile nikatazama upande wa nje, ule tunaouita kikombe. Mtengenezaji wa pili alikuwa amekichimba kikombe kwa kina zaidi, akaacha ukuta mwembamba, na alumini aliyoipunguza katikati akaifidia ukingoni. Uzito wa jumla ulitofautiana kwa gramu moja na ushei tu, lakini yoyo ya pili ilidumu kuzunguka kwa muda mrefu zaidi, na ilipoyumba haikulala upande haraka kama mwenzake. Sababu yake inaeleweka: mchango wa kila gramu katika kudumisha mzunguko huongezeka kwa mraba wa umbali wake kutoka kwenye ekseli, yaani mhimili unaounganisha nusu mbili, hivyo gramu iliyoko milimita 26 kutoka katikati hufanya kazi mara nne ya gramu ileile ikiwekwa milimita 13. Kulikuwa na kazi mpya ndani ya yoyo ile, na kazi nzuri, ila tangazo halikuigusa hata kwa neno moja. Lilijisifia umbo, na umbo lilikuwa la mwingine.

Tukio hilo ndilo lililonifanya niliangalie upya suala la uasili, ambalo huzuka kila toleo jipya linapotangazwa. Naona tunalijadili mahali pasipofaa. Tunatazama picha ya yoyo kwa ubavu, tunailinganisha na picha ya nyingine, tunatoa hukumu. Lakini yoyo ya chuma hutengenezwa kwa kukerezwa, kama miguu ya vitanda vya mwambao inavyokerezwa na mafundi wetu, tofauti ikiwa kwamba hapa mashine inaongozwa na kompyuta. Kitu kinachokerezwa ni mstari mmoja uliozungushwa. Mbunifu anachora mstari kutoka kwenye beringi hadi ukingoni, kisha mwingine wa kikombe, na hapo umbo limekwisha. Mstari wa ndani, ambao ndio macho huuona kwanza, una urefu wa takriban sentimita tatu.

Sentimita tatu hizo nazo haziko huru. Kiganja cha binadamu kimekwisha kuamua kwamba kipenyo cha yoyo nyingi za mashindano kiwe kati ya milimita 54 na 57. Uzito ukipungua mno, yoyo haina nguvu. Ukizidi, kidole kinaumia na mchezaji anachelewa, ndiyo maana tunazunguka gramu 60 hadi 68. Watengenezaji wengi hutumia beringi ya kipimo kimoja, ili mchezaji aweze kuibadilisha popote alipo. Uzi unaopita mara nyingi katika mwanya ulio kati ya nusu mbili hukwama ukigusana mno na kuta, na hilo husukuma wabunifu kuelekea kuta zilizonyooka zenye kufunguka kama herufi V. Watu kumi wasiojuana, wakipewa masharti hayo, watachora mistari inayofanana, na hakuna hata mmoja atakayekuwa amemwibia mwenzake.

Historia yenyewe inatutaka tuwe na adabu tunapotamka neno "jipya". Mwaka 1866, James L. Haven na Charles Hettrich wa Cincinnati, Marekani, walipewa hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, ya kuboresha mchezo huu, ambao wakati huo uliitwa bandelore, na tayari walizungumzia ukingo mzito unaofanya kazi ya gurudumu zito la mashine. Wazo hilohilo ndilo tunaloliuza leo kwa kuvisha ringi za chuma cha pua juu ya mwili wa alumini. Na kabla ya Haven na Hettrich, kuna chombo cha Wagiriki cha karne ya 5 kabla ya Kristo, kilichohifadhiwa Berlin, chenye picha ya kijana akicheza kitu ambacho mtoto yeyote wa leo angekitambua.

Mtu ninayemheshimu kuliko wote katika habari hii ni Pedro Flores, Mfilipino aliyeanzisha kiwanda cha yoyo huko Santa Barbara, California, mwaka 1928. Uzi wa yoyo zake haukufungwa kwenye ekseli. Ulizungushiwa kitanzi tu, na kitanzi hicho huiruhusu yoyo kuzunguka chini ya uzi bila kupanda, jambo ambalo michezo yetu mingi imejengwa juu yake. Flores angeweza kudai kwamba yeye ndiye mwanzilishi, na Wamarekani wengi wangemwamini. Hakudai. Alieleza kwamba ni mchezo wa zamani wa kwao. Muda mfupi baadaye biashara yake ilinunuliwa na Donald F. Duncan, na neno "yo-yo" likawa alama ya biashara ya kampuni ya Duncan, hadi mahakama ya rufaa ya shirikisho ilipoamua mwaka 1965, katika kesi dhidi ya kampuni ya Royal Tops, kwamba hilo ni jina la kawaida la kitu lisiloweza kumilikiwa na kampuni moja. Mwaka huohuo kampuni ya Duncan ilifilisika, na jina lake baadaye likanunuliwa na kampuni ya Flambeau.

Yaani kilichogombaniwa mahakamani ni jina. Umbo, kwa sehemu kubwa, sheria haikulilinda, na hataza zilizopatikana zilihusu utendaji, kama beringi na namna ya kushika uzi. Mfano ninaoupenda ni wa Tom Kuhn, daktari wa meno wa San Francisco, ambaye mwaka 1978 alitoa yoyo ya mbao iitwayo No Jive 3-in-1. Iliweza kufunguliwa, nusu zake zikageuzwa, na mchezaji akapata maumbo matatu kwa yoyo moja. Maumbo hayo hayakuwa mapya. Upya ulikuwa kwamba mchezaji sasa angeweza kufungua, kukata uzi uliojisokota ndani, kubadilisha ekseli iliyochakaa, na kuamua mwenyewe. Kila mmoja wetu anayefungua yoyo yake leo kwa kuizungusha mkononi anatumia wazo hilo.

Nikija kwenye matoleo ya siku hizi, sioni ubaya wa toleo linalobadilisha rangi tu, mradi liitwe toleo la rangi. Yoyo yenye jina la bingwa nayo naikubali, maana bingwa huifanyia majaribio kwa miezi mingi na maoni yake hubadilisha uzito na mwanya kwa vipimo ambavyo picha haiwezi kuonyesha. Nakala za bei nafuu ndizo zinazonitia mashaka, na hapa najua baadhi yenu hamtakubaliana nami. Kijana asiyeweza kulipia yoyo ya titani kwa mamia ya dola ana haki ya kucheza, na yoyo ya dola 15 yenye mstari ulioazimwa imewaingiza wengi katika mchezo huu. Siwezi kuilaani. Ninachokikataa ni nakala inayochukua pia michoro ya kikombe, mpangilio wa rangi na hata jina lenye kufanana, kwa kuwa hapo hakuna sharti la kiganja wala la uzi lililomlazimisha mtengenezaji. Alitaka tu mnunuzi adhani ananunua kazi ya mtu mwingine.

Kwa hiyo ombi langu kwa watengenezaji ni dogo. Kila toleo litangazwe pamoja na mchoro wake uliokatwa katikati, wenye vipimo na uzito, na mbunifu aandike sentimita zipi amezirithi na kutoka kwa yoyo ipi, kisha aonyeshe kwa kidole mahali alipobadilisha na kwa nini. Aliyetengeneza yoyo hii ya pili angefanya hivyo, ningeinunua kwa furaha zaidi, na leo ningelitaja jina lake mbele yenu.

Yoyo zote mbili nimeziacha wazi hapa, pamoja na kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, na vile vipande vya udongo. Anayetaka kupima, aje mbele.